Ekseli ya nyuma ya gari kuukuu la 4x4: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

## Mambo ya mwanzo

1. Fundi ameniambia "ekseli imekwisha". Ana maana gani?

Mwulize kipande gani, maana neno hilo hubeba vitu vinne. Kuna kasha, lile bomba nene la chuma lenye tumbo katikati, linalotoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Ndani ya tumbo mna difu, yaani pinioni inayozungushwa na propela (shafti ndefu inayoleta nguvu kutoka gia boksi), kraun ambayo ni gurudumu kubwa la meno, na gia ndogo zinazogawanya mwendo. Kutoka kwenye difu hadi kila gurudumu kuna hafu shafti. Mwishoni mwa kila hafu shafti kuna beringi na sili, yaani ringi ya mpira inayozuia oili isitoke.

Kasha hufa mara chache sana, na sili hufa mara nyingi sana. Hata hivyo, kinachopendekezwa haraka ni kununua ekseli nzima, kwa sababu ndiyo kazi rahisi kwa fundi: anafungua nzima, anafunga nzima. Usitoe pesa ya ekseli nzima kabla hujaonyeshwa kwa macho ni kipande gani kimekufa.

2. Maelezo haya yanafaa gari langu?

Yanafaa gari lenye ekseli ya kipande kimoja nyuma: Prado 90, 95 na 120, Hilux Surf 185, Pajero ya kizazi cha pili (1991 hadi 1999), Isuzu Trooper, Land Cruiser 80 na jamaa zao. Pajero ya kizazi cha tatu iliyotoka 1999 na Escudo iliyotoka 2005 zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea. Kwa hizo, majibu kuhusu mvumo, oili na difu (namba 4, 11 na 12) bado yana maana, lakini hatua za kuchomoa hafu shafti ni nyingine kabisa.

Tofauti moja lazima uijue. Katika Prado, Surf na Pajero, hafu shafti hubeba uzito wa gari na pia huzungusha gurudumu. Katika Land Cruiser 80 nyingi zenye breki za diski nyuma, uzito hubebwa na habu na beringi zake mbili, nayo hafu shafti ni ya kuzungusha tu. Utaitambua kwa macho: habu hutokeza katikati ya rimu, na nati zinazoshika hafu shafti zimepangwa duara mbele yako.

3. Kwa nini ekseli huchakaa haraka huku pwani?

Chumvi ndiyo adui wa kwanza. Gari linalolala karibu na ufuo, iwe Nyali, Bamburi au Diani, hupata unyevu wenye chumvi usiku kucha, na kutu huanzia mahali ambapo mchanga hukwama: juu ya vikalio vya springi, kwenye vishikizo vya shoki, na kwenye mishono ya kasha.

Adui wa pili ni kipumulio kilichoziba. Hicho ni kidude kidogo chenye kofia juu ya kasha, au kwenye mwisho wa mpira unaopanda kuelekea bodi. Ekseli ikipata joto, hewa ya ndani hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kipumulio kikiwa kimejaa matope na kutu, hewa husukuma oili ipite kwenye sili. Kisha unaingia kwenye dimbwi la masika, chuma kinapoa ghafla, hewa inanywea, na maji yanavutwa ndani kupitia sili ileile. Wengi hubadilisha sili mara tatu kwa mwaka na hakuna aliyewahi kukigusa kipumulio. Kizungushe kofia kwa vidole: ikikataa kucheza, kimekufa, na bei yake ni ndogo kuliko ya lita moja ya oili.

## Kutambua ugonjwa

4. Nasikia mvumo nyuma. Ni beringi au ni difu?

Kwanza ondoa tairi kwenye mashaka. Tairi lililolika kwa mawimbi huvuma vilevile, kwa hiyo hamisha ya nyuma yaende mbele uone kama sauti itahama.

Kama haikuhama, tafuta barabara iliyonyooka na uende kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Kanyaga mafuta, achia, kanyaga tena. Sauti ikibadilika kwa mguu wako, iwe inalia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, ni difu: meno ya pinioni na kraun, au beringi za pinioni. Sauti isiyojali mafuta bali inapanda na kushuka kwa mwendo peke yake ni beringi ya gurudumu. Hapo yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia. Ukikata kulia, uzito huegemea kushoto, na beringi ya kushoto iliyokufa huongeza kelele.

Halafu malizia chini ya gari. Inua nyuma, weka stendi, shika springi kwa mkono mmoja na uzungushe gurudumu kwa mwingine. Beringi mbovu huisikii kwa sikio tu, unaisikia kwenye chuma cha springi, mtetemo kama mchanga unaosagwa. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki wakati unaendelea kutikisa. Mchezo ukibaki, chanzo si beringi hiyo, angalia bushi (swali la 6).

5. Nikitia gia au nikisimama, nyuma inagonga "tang!" mara moja. Difu imekufa?

Pengine hapana. Anza na propela. Krosi zake, yaani viungo vinavyojikunja kwenye ncha, zikikauka huchezacheza, na ile sehemu ya propela inayotelezeana ikikosa grisi hugonga gari linaposimama na linapoondoka. Kwenye Prado na Surf jambo hili ni la kawaida mno, na dawa yake ni pampu ya grisi kwenye chuchu zote za propela. Fanya hivyo kwanza, uendeshe siku mbili, ndipo uzungumzie difu.

6. Nyuma inayumba kama gari limelewa nikibadilisha upande wa barabara.

Ni bushi. Ekseli ya aina hii yenye springi za koili hushikiliwa na mikono minne na fimbo moja ya kukingama, na kila ncha ina bushi ya mpira. Joto na oili inayovuja huzilainisha mpaka zikapasuka. Chomeka mtaimbo kati ya mkono na kishikizo chake, usukume: mpira mzima hunepa kidogo na kurudi, mpira uliokufa huacha chuma kigonge chuma.

7. Kuna majimaji ndani ya gurudumu. Ni oili ya difu au ya breki?

Oili ya difu ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti isiyosahaulika. Maji ya breki ni mepesi, huoshwa na maji ya kawaida na hubambua rangi. Kama ni oili ya difu, sili imekata. Breki shu zilizolowa oili usizioshe kwa petroli ukazirudisha: imeshapenya ndani, na siku ukifunga breki kwa nguvu gari litavuta upande mmoja. Badilisha pande zote mbili.

8. Naweza kuendelea kuendesha?

Sili inayotoa unyevu kidogo, ndiyo, kwa siku chache, ukiangalia kiwango cha oili na kama breki bado zinashika sawa. Beringi inayonguruma, hapana. Hafu shafti inayobeba gari ikipoteza beringi, gurudumu huinama, hula sili, hula mahali pa beringi kwenye kasha, na mwishowe hutoka na shafti yake. Kazi ya beringi moja inageuka kazi ya ekseli nzima.

## Kurekebisha

9. Hafu shafti hutolewa na kurudishwa vipi?

Hizi ni hatua za Prado au Surf yenye dramu nyuma. Pajero ya zamani haiko mbali sana.

Kinga magurudumu ya mbele kwa mawe, legeza nati za rimu, inua kwa jeki chini ya tumbo la ekseli, weka stendi mbili chini ya mabomba yake, kisha achia hendibreki. Fungua nati ya kujazia oili kabla ya ile ya kumwagia. Kwenye difu nyingi za Toyota zote mbili ni za spana namba 24. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikakataa kufunguka kwa kutu, gari limelala hapo.

Toa dramu. Ikigoma usiipige kama ngoma: ina matundu mawili yenye nyuzi, ingiza bolti mbili za milimita 8 na uzikaze kwa zamu, itasukumwa yenyewe. Toa sensa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasifungane ukikanyaga breki) kama ipo, ukiivuta taratibu kwa sababu plastiki yake imezeeka. Fungua waya wa hendibreki na bomba la breki, uzibe bomba lisiendelee kumwaga. Nyuma ya bamba la breki kuna nati 4. Zikishatoka, vuta hafu shafti moja kwa moja ukiibeba. Usiiache iburure kwenye sili ya ndani, labda kama unaibadilisha, na ukishafika hapo huna sababu ya kutoibadilisha.

Wakati wa kurudisha, paka grisi midomo ya sili, ingiza shafti ukiizungusha polepole mpaka meno yashike difu, kisha sukuma. Kaza nati 4 kwa mshazari, kwa spana ya torki, takriban Nm 70 kwa Toyota hizi. Jaza oili, toa upepo kwenye breki ukianza gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pampu kwa gari la usukani wa kulia. Nenda kilomita 10, simama, gusa habu zote mbili. Joto lao lilingane. Upande mmoja ukikuchoma mkono, rudi gerejini. Ama breki imebana ama beringi haijakaa.

10. Kwa nini kubadilisha beringi kunahitaji presi? Fundi wangu ana nyundo.

Kwa sababu beringi imeshikwa kwenye shafti na ringi iliyoingizwa kwa nguvu, na ringi hiyo ndiyo inayozuia gurudumu lisiondoke na shafti. Peleka shafti kwa wenye mashine za kukereza. Huwa wana presi ya tani 20.

Ringi ya zamani hukatwa kwa greinda karibu mpaka mwisho bila kuigusa shafti, kisha hupasuliwa kwa patasi. Mkwaruzo mmoja wa greinda juu ya shafti ni mwanzo wa ufa. Moto wa gesi usikaribie kabisa, unaua ugumu wa chuma. Kabla ya kukata, pima umbali kutoka ncha ya shafti hadi ringi, uandike. Kwenye Surf na Prado zenye ABS, ringi na gurudumu la ABS (duara lenye meno linalosomwa na sensa) hukaa karibu na sili, na ukikosea milimita chache, sili mpya itavuja siku ya kwanza na taa ya ABS itawaka.

Ringi ya kurudisha iwe mpya. Ikiingia kwa urahisi, kwa nyundo ndogo tu, ikatae: imetanuka, au shafti imelika. Pitisha pia ukucha mahali sili inapokaa; kama ukucha unakwama kwenye mfereji, sili yoyote utakayoweka itavuja.

Na beringi yenyewe? Koyo, NSK, NTN na nyingine zina za bandia zilizopakiwa vizuri sana. Usisome boksi, soma chuma: namba iwe imechorwa safi kwenye ringi ya beringi, ilingane na ile ya zamani uliyokwenda nayo mkononi. Izungushe sikioni; iwe kimya na nzito kidogo kwa grisi, isiteleze kama kitu cha kuchezea.

11. Oili gani, kiasi gani?

80W-90 au 85W-90 yenye alama ya GL-5. Kwa joto la Mombasa, 85W-90 inafaa sana. Ekseli nyingi hapa huchukua kati ya lita 2 na lita 3 na kidogo, kwa hiyo nunua 4. Kipimo cha kweli ni tundu lenyewe: gari likiwa sawasawa, jaza mpaka ianze kumwagika. Difu yenye LSD (inayopunguza gurudumu moja kuzunguka bure) inataka oili ya LSD. Kuna maandishi kwenye kasha au karibu na nati ya kujazia. Oili chafu usiimwage mtaroni, itaishia kwenye mikoko ya Tudor. Wapo wanaoichukua kupaka nguzo dhidi ya mchwa, hata bure.

12. Difu inaweza kutengenezwa?

Inaweza, lakini si kwa kila fundi. Pinioni na kraun husagwa pamoja kiwandani na huuzwa kama jozi yenye namba moja. Kuchanganya pinioni ya difu hii na kraun ya ile ni kununua kelele. Mchezo kati ya meno hupimwa kwa saa ya kupimia, na kwenye difu nyingi za Toyota hizi unatakiwa uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Kisha meno hupakwa rangi ili kuona yanagusana wapi. Fundi asiye na saa hiyo, asiyejua rangi hiyo, mshukuru na uondoke.

Kosa linalojirudia ni la sili ya pinioni. Nyuma ya nati kubwa ya pinioni, ndani, kuna kola laini iliyotengenezwa ili ibonyee na kuipa beringi mkazo wake. Ukikaza nati kupita alama ya zamani, kola inabonyea zaidi na hairudi, hata ukilegeza. Piga alama ya patasi kwenye nati na shafti kabla ya kufungua, na uirudishe palepale. Ikishapita, weka kola mpya.

## Kubadilisha ekseli nzima

13. Ni lini kubadilisha nzima ndiyo akili?

Kasha likiwa limepinda, mahali pa beringi pamelika, au kutu imekula vikalio vya springi. Kupinda utakutambua kwa matairi ya nyuma kulika ukingo mmoja tu wakati bushi ni nzima. Sababu nyingine ni hesabu: difu imekufa na hafu shafti zote mbili zina mifereji ya sili.

14. Nikinunua iliyotumika kutoka Japani, niangalie nini?

Nyingi hushushwa Kilindini zikiwa zimekatwa mabomba na nyaya za breki. Fungua nati ya kumwagia palepale dukani. Oili nyeusi si neno. Yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, na yenye vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole, achana nayo. Unga laini kwenye sumaku ni kawaida. Zungusha pinioni kwa mkono usikie kama inakwaruza. Tazama pia uzi wa nati zote, na kama kipumulio kipo.

Rimu kuingia hakuthibitishi chochote. Toyota hizi na Pajero zina stadi 6 zilizopangwa kwa duara la milimita 139.7, ila vishikizo vya mikono ni tofauti kabisa. Pima kikalio hadi kikalio, na uhakikishe breki ni aina moja na zako, dramu au diski, zenye ABS au zisizo nayo.

15. Hesabu ya difu ni nini, na kwa nini inasemwa sana?

Ni idadi ya mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa magurudumu. Ya mbele na ya nyuma lazima zilingane. Zisipolingana, siku utakayotia 4x4 kwenye lami utavunja kitu, na kwenye gari la 4x4 ya wakati wote difu ya kati, inayogawanya nguvu mbele na nyuma, itachemka kila siku.

Kuipima ni rahisi kwa difu isiyo na LSD. Gurudumu moja liwe chini, jingine juu, gia iwe huru. Piga alama ya chaki kwenye propela, zungusha gurudumu lililo juu mara 2 kamili, hesabu propela. Ikizunguka mara 4 na kitu kama moja ya kumi, una 4.1. Ekseli iliyo sakafuni dukani hupimwa hivyohivyo, mtu mmoja akishika habu ya upande wa pili isizunguke.

16. Wakati wa kufunga, mafundi hukosea wapi?

Bolti za mikono na fimbo ya kukingama hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli inaning'inia, kila bushi hujisokota gari likishuka, na baada ya miezi michache zote zimepasuka. Hilo peke yake huua bushi mpya kuliko barabara mbovu.

Propela irudi kwa alama zake. Kama gari lina fimbo ya vali ya breki inayopima mzigo, ifungwe palepale ilipokuwa. Ikisahauliwa, breki za nyuma ama zitakuwa dhaifu ama zitabana na kuteleza mvua ikinyesha. Mpira wa kipumulio upandishwe juu kuliko ulivyokuwa. Kwa springi za bapa, U-bolti ziwe mpya.

17. Kasha lina kutu au ufa. Lichomelewe?

Kishikizo cha shoki kilichooza, ndiyo, ekseli ikiwa imetolewa na mchomeleaji akienda kidogo kidogo huku akipumzisha chuma. Bomba lenyewe, hapana. Joto hulipinda kwa kiasi usichokiona, nawe utalipia kwa matairi na sili.

## Mambo ya pembeni

18. Gari lilizama mpaka habu kwenye mafuriko, au liliingia baharini.

Fungua nati ya kumwagia siku hiyohiyo kama ni maji ya chumvi. Mwaga, jaza oili ya bei ndogo, nenda kilomita 10 hadi 20, mwaga tena, ndipo ujaze nzuri. Ukiliacha wiki mbili, beringi zitakuwa na vidonda vya kutu na utarudi kwenye swali la 4.

19. Hafu shafti imekatika kilimani Mazeras. Naweza kujikokota hadi nyumbani?

Kwa Prado, Surf na Pajero, ita gari la kubeba. Gurudumu hilo limebaki na beringi moja tu ya kulishikilia. Kwa Land Cruiser 80 yenye habu inayobeba uzito, unaweza kutoa propela ya nyuma, kufunga difu ya kati na kwenda polepole kwa nguvu ya mbele, ukiwa umekagua kwamba habu haina mchezo na oili haimwagiki kwenye breki.

20. Nikibadilisha ekseli, logbook inaguswa?

Namba ya gari iko kwenye chesisi, na nyingine kwenye injini. Ekseli haina namba inayoandikwa humo. Weka risiti ya duka hata hivyo, yenye maelezo ya ekseli, kwa sababu spea za wizi zipo na anayeulizwa ni mwenye gari.

21. Kila kitu ni kipya na taa ya ABS inawaka.

Toa sensa uipanguse. Vumbi la greinda na chenga za chuma hushikamana na sumaku yake. Ikiendelea kuwaka, gurudumu la ABS limekaa vibaya kwenye shafti (swali la 10), au wakati wa kupresi limepata ufa usioonekana mpaka ulizungushe mbele ya tochi.